Siku Niliyomtaja Kaka Yangu kwa Karani

Ndugu zangu mliokuja maulidini, sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu aliyenijaalia kusimama mbele yenu. Mimi ni Mwanaidi, msokota kamba wa hapa hapa Makunduchi. Yaliyonifika nayasema kama yalivyokuwa.

Mwaka wa pili tangu kufiwa na mume wangu, nyumba yetu iliungua mchana, nami niko pwani nafukia makumbi ya nazi yalainike kwa kamba. Jirani aliwahi kumtoa mavyaa wangu, Bi Kazija, mama wa marehemu, ambaye alikuwa haoni. Kingine hakikutoka. Tukahamia banda la ng'ombe la jirani huyo, na masika yakaanza. Maji yalipita chini ya mkeka wetu. Nilikuwa nasali, wala sijui naomba nini.

Nilikuwa na kaka mjini, mwenye duka la nguo. Nikamwendea. Alinisikiliza akiwa amesimama mlangoni, akanambia, "Yule mama ni wa watu, Mwanaidi. Warudishie wenyewe." Wenyewe hawakuwapo. Mwanawe alikuwa mmoja tu, na yuko kaburini. Nikarudi na nguo niliyoivaa.

Ndipo sheha wetu akanieleza kwamba serikali ina msaada wa dharura kwa maskini walioharibikiwa na nyumba: mchele, mablangeti, miti na makuti. Akaniandikia barua, nikaipeleka ofisi ya Mudir, mkubwa wa serikali wa sehemu yetu. Karani akaisoma.

"Una ndugu mwanamume?"

"Naam, yuko mjini."

"Ana uwezo?"

"Ana duka."

Akaweka kalamu chini. "Bibi, msaada huu ni wa asiye na wa kumtazama. Kama kaka yako amekataa, sema amekataa, niandike."

Ndugu zangu, sikusema. Baraza lilijaa watu, na wengine wanamjua. Niliona nikitamka nitakuwa nimemwaibisha mtoto wa mama yangu mbele ya mji mzima. Nikasema, "Atakuja," nikaondoka.

Hakuja. Kifua kikambana Bi Kazija. Siku ya tisa akaniuliza mbona nyumba haijengwi, nikamweleza yote. Akasema, "Mwanangu, wewe unamsitiri yeye. Sisi anatusitiri nani?"

Nilitoka saa ile ile. Nikasimama mbele ya karani, watu wote wanasikia, nikasema, "Kaka yangu amekataa." Akaandika. Hakuna aliyenicheka.

Siku ya tatu gari likaleta vitu. Nilimfunika Bi Kazija blangeti kwa mikono yangu. Akalipapasa, akauliza rangi yake. Nikamwambia la kijivu. Alifariki Ijumaa ya wiki ile ile, paa halijaezekwa.

Leo nina nyumba, na nakula. Namshukuru Mola, namshukuru sheha na karani yule. Nilikuwa nimeshakata tamaa ya kuishi, na Mungu akanitoa. Lakini zile siku tisa hazinitoki moyoni. Nikilala mahali pakavu namkumbuka yeye, aliyelala penye maji kwa sababu mimi naona haya.

Basi kama yupo kati yenu aliyefikwa, amtegemee Mola, na akifunguliwa mlango aingie, aseme shida yake yote asibakishe neno. Kesho ofisi iko wazi. Anayeogopa kwenda peke yake anifuate nyumbani asubuhi, nitakwenda naye.