Maji Kwenye Plagi

"Injini haijafa, mama, umeilowesha!" Mzee Liaqat alifoka, kichwa kikiwa ndani ya boneti ya Corolla kuukuu iliyoziba foleni yetu ya kivuko cha Kamanga.

"Niache, mzee wangu. Mnunuzi ananisubiri Sengerema," alijibu mwenye gari, Dorcas, mjane anayeishi Mkolani.

Liaqat, ambaye gari lake lilikuwa nyuma, hakuacha. Injini ikitetemeka, alichomoa waya za plagi moja moja. Ya tatu ilipotoka, mtetemo haukubadilika. "Silinda hii haichomi. Uliiosha wapi?"

"Ziwani, jana. Nilitaka mnunuzi aipende."

Tundu la plagi lilijaa maji.

"Marehemu alikuwa anaipangusa kwa kitambaa tu," Dorcas alisema taratibu. "Kila Jumamosi, huku anapiga mluzi."

Mume wangu mimi, niliwaza pale foleni, hapangusi hata meza.

Liaqat alikausha tundu, akarudisha waya. Injini ikatulia. Dorcas akatega sikio.

"Hivi ndivyo ilivyolia akinipeleka kujifungua Gladness."

Geti la kivuko lilifunguliwa. "Wewe pita, mzee. Asante," alisema, akabamiza boneti, akageuza gari kurudi Mkolani.