Fanuel Mwandawiro wa Wusi, Ambaye Hakuuza Fuvu la Babu Yake

Fanuel Mwandawiro alizaliwa Wusi mwezi wa Novemba, 1911, mtoto wa kwanza wa marehemu Mwandawiro na marehemu Dinah. Alikuwa kaka wa pekee wa Jedidah, ambaye ndiye anayewasomea haya.

Alisoma shule ya misheni kuanzia 1920 hadi 1926. Alikuwa mtoto wa maswali, hata mwalimu akawa anamtuma kuteka maji ili darasa lipumue. Kuanzia 1929 alikuwa karani wa shamba la mkonge karibu na Voi. Huko ndiko alikokutana na Nashon Opiyo, mpagazi wa reli, wakawa kama ndugu. Tarehe 12 Desemba, 1936 alimwoa Peris katika kanisa la Wusi. Mungu akawajalia watoto watatu.

Mwezi wa Juni, 1952 alikuja Bwana Pelham, mwanafunzi wa chuo kikuu kimoja huko Ulaya, mtu mzima mwenye upara na bado anasoma. Alitafuta shahada ya udaktari kwa kuandika jinsi sisi Wadawida wa vilima hivi tulivyofukua mafuvu ya wazee wetu na kuyaweka pangoni. Fanuel aliacha ukarani akawa mkalimani wake. Kwa miezi ishirini alimpandisha vilima na kumfundisha kuamkia watu, na kumkataza kukanyaga pasipokanyagwa. Akina mama walipochoka kuulizwa walimjibu uongo huku wakibana vicheko. Fanuel aliwarudia baadaye, peke yake, akawauliza upya ili chuo kisiandike upuzi. Yeye alitafuta majibu, mgeni akashika kalamu.

Februari 1954 Fanuel alishikwa na homa, akalazwa Voi siku tisa. Aliporudi, mgeni alikuwa ameondoka kwa gari la moshi, na pangoni palikuwa na nafasi tupu. Fuvu la babu yake Fanuel halikuwepo.

Wazee waliketi. Mzee Mwadime, mkubwa wa ukoo, alimwambia mbele ya watu: "Wewe ndiwe uliyemwonyesha mlango, na wewe ndiwe uliyekula bei." Wakamtoza ng'ombe. Fanuel akajibu, "Ng'ombe nitatoa siku nitakapokuwa mwizi."

Basi wakakataa kumfanyia kutasa. Hapa sote twajua: mzee hupiga funda la maji, akayapuliza nje, akatamka kwamba hasira imetoka moyoni mwake. Asipofanya hivyo, mtu haitwi barazani wala watoto wake hawaombewi na ukoo. Fanuel alikaa hivyo miaka minne na nusu. Walikuwa wakimwona njiani wakageuka kutazama migomba, kana kwamba hawajawahi kuiona.

Nashon Opiyo alipanda kutoka Voi kuwaambia kwamba alimwona Bwana Pelham stesheni amepakata sanduku dogo kama mtoto mchanga, akikataa mpagazi yeyote aliguse. Aliambiwa Mjaluo hajui kitu juu ya mafuvu ya Wadawida. Kumbe jicho nalo lina kabila.

Fanuel alikiandikia chuo barua tisa. Kwa nane za kwanza walimjibu moja tu, wakimshukuru kwa kupendezwa na kazi ya Bwana Pelham. Barua ya tisa ndiyo iliyoleta kitabu chenyewe cha shahada, Mei mwaka huu. Mwalimu Donald wa shule ya misheni alimsomea, Fanuel akiwa kitandani. Ukurasa wa 212 unasema: "Fuvu nililichukua mwenyewe, mkalimani wangu akiwa mgonjwa Voi, kwa kuwa nilijua angenizuia." Kitabu kina kurasa mia nne, na jina la Fanuel halimo hata mara moja. Mtu aliyempa nusu ya hizo kurasa anaitwa "mkalimani wangu", na mwizi anaitwa daktari.

Fanuel aliomba asomewe tena. Kisha akamwambia dada yake, "Jina langu amelila, Jedi, lakini ukweli umemkwama kooni."

Akatuma kuwaomba wazee waketi. Mzee Mwadime akajibu kwamba wataketi mahindi yakishavunwa. Kifua kilichoanza kumsumbua Fanuel mwaka jana kilizidi, akalazwa mwezi wa Juni, na tarehe 7 Agosti, 1958, saa nne asubuhi, alifariki. Mahindi yalikuwa ghalani wiki ya tatu.

Ameacha mjane, Peris, watoto, Elsie, Thadeus na Dinah, dada, Jedidah, na rafiki, Nashon Opiyo, ambaye leo amebeba jeneza upande wa kichwa.

Ukurasa umesomwa, na wazee wote wameketi. Kando ya kaburi pana kibuyu cha maji, na Mzee Mwadime yuko mstari wa mbele. Familia haitamshusha Fanuel mpaka maji hayo yapulizwe na hasira itamkwe kwamba imetoka, watoto wake wakisikia. Udongo utangoja.

Kisha Mungu ampokee Fanuel Mwandawiro, kwa jina lake kamili, apumzike kwa amani.