Mama Notburga Nungu, Aliyeulisha Udongo Mkaa wa Magunzi

Baba Paroko, ndugu, majirani na nyote mliokuja kutusitiri, familia inawasomea maisha ya Mama Notburga Nungu, aliyezaliwa hapa Maposeni tarehe 12 Februari 1957, kama cheti cha ubatizo kinavyoonyesha, ingawa kwenye kitambulisho iliandikwa 1956, akiwa mtoto wa nne wa Mzee Yohanes Nungu na Mama Ida Komba, wote marehemu.

Alisoma shule ya msingi kuanzia 1966 hadi 1972, akafanya kazi kwenye kitalu cha miche Mpitimbi kuanzia 1974 hadi 1998, na tarehe 8 Oktoba 1977 alifunga ndoa na Mzee Amedeus Mbano, wakajaliwa watoto watatu, Devota, Osmund na Rosemary, na wajukuu tisa.

Mzee Amedeus alifariki mwaka 2013, na kufikia 2015 shamba alilomwachia, ekari mbili, lilikuwa limechoka hadi kutoa magunia manne tu kwa ekari, hivyo watoto wakashauri liuzwe, mama ahamie Bombambili kwa Devota, naye akaomba kwanza misimu mitatu. Mjukuu wake Eufrasia, binti wa Devota, wakati huo akiwa chuo kikuu, alimweleza kwa simu namna ya kuchoma magunzi na mabua shimoni na kuyazima kwa maji kabla hayajawa majivu, ili mkaa wake uchanganywe na udongo, lakini akasahau kumwambia kwamba mkaa huo hulowekwa kwanza kwenye samadi, la sivyo hunyonya rutuba badala ya kuitoa. Januari 2016 mahindi yakawa ya njano shamba zima, jirani yetu Raphael, ambaye mama alikuwa shemeji yake, akapita akimuuliza kama safari hii atavuna mahindi yaliyokwisha kuchomwa, mama akacheka, akamjibu kwamba amekosea yeye mwenyewe, na kwamba Raphael aandae meno. Katika kosa hilo jina la Eufrasia hakulitaja kwa mtu yeyote kwa miaka tisa, na ni Eufrasia aliyeomba liandikwe hapa.

Msimu uliofuata aliuloweka mkaa siku ishirini na moja kwenye samadi na mkojo wa ng'ombe, na Julai 2018, msimu wa tatu, alivuna magunia kumi na moja kwa ekari. Desemba hiyo akapanda miparachichi arobaini, kila shimo nusu debe la mkaa, na jana tumeihesabu mara mbili, iliyo hai ni thelathini na saba.

Alianza kuugua figo Agosti 2024, akafariki Ijumaa tarehe 9 Mei 2025, saa kumi na moja alfajiri. Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, wenzake wa kitalu, wanajumuiya, na Raphael, aliyeimwagilia miti kiangazi chote mama alipokuwa wodini. Watoto wamekubaliana mbele ya ukoo kwamba shamba haliuzwi.

Pumzika kwa amani, mama, palizi tutafanya sisi.