Mrija wa Kumi na Tisa

Kijiwe chetu kinatazamana na geti la karakana moja wanakojaribu kutengeneza betri ya kuhifadhi umeme wa jua. Si betri ya redio. Ndani yake mna sodiamu na salfa, na lazima vyote viyeyuke kwa joto la nyuzi mia tatu ndipo ifanye kazi. Jumatatu ulitoka moshi. Jumanne Kinyozi akaja na karatasi ya kutaka karakana ifungwe. Mimi nauza kahawa hapo. Alishanisihi mara tatu nisaini.

— Hiyo salfa ikitoroka, sote tunakuwa vipara, alisema Kinyozi.

— Basi utakula wapi wewe? nikamuuliza.

— Cheka tu! akadakia Mstaafu, aliyekuwa fundi umeme zamani. Sodiamu ikiguswa na maji inawaka. Mvua ikinyesha je? Mtaa mzima unaruka!

— Mpaka ng'ambo ya mto! akaongeza Kinyozi.

— Mto wenyewe utachemka!

Geti likafunguka, akatoka Fundi Mrija. Tunamwita hivyo kwa sababu ndiye anayefinyanga mirija ya kauri inayotenganisha sodiamu na salfa. Akaketi katikati yao bila kukaribishwa, akaweka mrija juu ya karatasi yao. Ulikuwa na ufa mwembamba kama unywele.

— Moshi wenu wa Jumatatu huu hapa. Ulipasuka, vitu viwili vikakutana, vikawaka ndani ya kasha la chuma, vikazimikia humo humo. Ni wa kumi na tisa.

— Kumi na tisa! Dada yangu, si uache tu? akasema Kinyozi.

— Niache? Tulikuwa tunaupasha haraka mno. Wa ishirini tutaupasha siku mbili, polepole. Nao ukipasuka, nitafinyanga mwingine. Sainini mkitaka. Sifichi kitu, na siondoki.



Hapo akafika mama mkwe wa Kinyozi, mgeni wa siku mbili.

— Shikamoo, mama, tukasema wote.

— Marahaba. Mbona mnafokeana?

Kinyozi akamweleza. Bibi akausogeza mrija, akasoma majina yote.

— Kati yenu mliosaini, nani ameingia humo akaiona hiyo betri?

Mstaafu akakohoa. Kinyozi akanitazama mimi. Nami nikatazama birika.

— Geti liko wazi, alisema Fundi, akainuka.

Bibi alikuwa wa kwanza kumfuata.

— Mama, huko kuna joto! Kinyozi akapiga kelele.

— Lisipokuwepo, Fundi akajibu bila kugeuka, hakuna betri.

Kinyozi akaweka kikombe chini, akawafuata.