Mama Kalondu na Sindano Isiyo na Dawa

Mchungaji, wazee wa kanisa, akina mama wa mwethya, majirani na wote mliofika, familia imenituma mimi Musyoka, ndugu ya marehemu, niwasomee maisha yake jinsi yalivyokuwa, nami nitayasoma hivyo hivyo.

Mama Rabeka Kalondu Nzomo alizaliwa tarehe 14 Machi 1942 huko Mbooni, ambako leo ni wilaya ya Makueni, akiwa kifungua mimba wa Mzee Muthama na Mama Ndululu, akasoma hadi darasa la nne, kisha akaitwa nyumbani kulea wadogo zake, jambo ambalo hakulisahau.

Tarehe 8 Desemba 1962 alifunga ndoa kanisani na Bwana Nzomo, akahamia hapa Kabati, wakajaliwa watoto watano, wa mwisho akiwa Muthoki. Kazi yake ilikuwa shamba, na katika mwethya, ambapo akina mama huchimbiana matuta kwa zamu, yeye ndiye aliyeanzisha nyimbo, na mvivu aliyepangwa karibu naye alikiona cha mtema kuni.

Mwaka wa 1981 kiuno chake kilishika na hakikumwachilia. Alimeza vidonge, akachuliwa, akaombewa, na wengine wakasema anakwepa jembe, maneno yaliyomuuma sana kwa vile yeye mwenyewe alizoea kuwacheka wavivu. Hakuweza kuinama wala kulala chali, usiku kucha alilalia ubavu mmoja.

Mnamo Mei 1988 alipelekwa Kitui mjini kwa Bi Tima, mtaalamu wa tiba ya viungo, ambaye alipapasa misuli ya kiuno, akayatafuta mafundo, akayachoma kwa sindano nyembamba zisizo na dawa, kisha akamfundisha mazoezi. Alikwenda, akarudi tena na tena, na kufikia Agosti alikuwa kwenye matuta, anaimba.

Furaha ikamponza. Jumapili moja ya Septemba alisimama kushuhudia, kama ilivyo desturi yetu, na kwa kutaka sifa zote zimwendee Mungu, akaeleza kwamba sindano zile zilikuwa tupu, hazina dawa hata tone. Wazee wakasikia uganga, kwa maana huku kwetu anayekuchoma ngozi bila dawa ya hospitali tunamjua ni nani, na baraza likamwambia achague sindano au Meza ya Bwana. Bwana Nzomo alikuwa mzee katika baraza hilo, alikaa kimya, na ni yeye aliyetaka hili lisomwe leo.

Mama alichagua Meza. Kabla ya mvua za Novemba mgongo ulikuwa umefunga tena, na kwa miaka iliyofuata alikwenda kushiriki amepinda na kurudi amepinda. Bi Tima alipotuma salamu, Mama alilia tu.

Tarehe 3 Juni 1996 alishikwa na homa ya mapafu, akalazwa, akafariki tarehe 11.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliomtekea maji, wenzake wa mwethya waliomchimbia bila kudai zamu, wazee wa kanisa waliobeba jeneza, na Bi Tima, ambaye ameketi pale nyuma kabisa. Akina mama waliomvalisha wanasema wamemlaza chali, mgongo umenyooka.

Pumzika kwa amani, Kalondu, hakuna atakayekuambia tena uchague.