Programu ya Gari la Kaoze

Upepo wa Milanzi, huku Ufipa, asubuhi unapenya koti mpaka mfupa, ndiyo maana kijiwe cha mbele ya duka la Mzee Mahmud hakikosi watu, kila mmoja kashikilia kikombe kwa mikono miwili. Siku hiyo Jasmin, binti wa Mahmud, naye alikaa nchani mwa benchi, kahawa yake ikipoa. Msimu mzima wa mvua alikuwa amejifunza mwenyewe kutengeneza programu ya simu, ili abiria wajue gari la baba yake la kwenda Kaoze limefika wapi. Leo angemwonyesha baba. Akiikataa, Jasmin arudi kaunta kupima sukari. Na jana jioni baba alipokea aifoni kutoka kwa nduguye wa Maskati. Androidi yake akampa dereva, na Jasmin akaiweka programu humo.

— Umekwisha, mdogo wangu, alisema Masalu, fundi simu wanayemwita Betri. Programu ya Androidi haiingii kwenye aifoni hata uisukume kwa mguu.

— Si naitengeneza upya?

— Kwa kompyuta ipi? Aifoni inataka kompyuta ya kampuni yake. Hiyo yako inazima mtu akipiga chafya!



— Aifoni yenyewe haifai huku, alidakia Teodori, dereva mstaafu wanayemwita Waziri kwa kuwa hakosi jibu. Baridi ya Ufipa inaigandisha.

— Waziri! Ulaya si kuna barafu? aliuliza Betri.

— Barafu ya kule imesajiliwa. Hii yetu haijulikani! Halafu ukizilaza pamoja, aifoni na Androidi, zinatusengenya. Mke wangu alijua nimekunywa kabla sijafika nyumbani.

Wakacheka. Jasmin hakucheka. Ningeanza na ukurasa wa mtandao tu, aliwaza, ungefunguka kwenye simu zote.

Mzee Mahmud akatoka dukani, koti juu ya kanzu, aifoni mkononi.

— Haya mwanangu, nionyeshe.

Kabla Jasmin hajafungua mdomo, mama mmoja alifika mbiombio, mfuko wa dawa kifuani.

— Jamani, gari la Kaoze limeshaondoka? Mjukuu wangu anaumwa, na gari ni hilo moja tu.

Jasmin akafungua programu. "Linapakia," ndivyo inavyojiandikia tangu alfajiri mpaka dereva abonyeze. Dereva alitakiwa kubonyeza akiondoka. Je, amesahau? Akampigia. Hapatikani. Labda amezima simu, labda tayari anateremka mlimani kusiko na mtandao.

Betri akachungulia kikombe chake. Waziri akakohoa tu.

— Sijui, mama, alisema Jasmin. Twende.

Wakakimbia hadi stendi, Mahmud nyuma yao akihema. Walilikuta gari linanguruma, kondakta anafunga mlango. Mama akarukia ndani.

— Simu yako iko wapi? Jasmin alimuuliza dereva.

— Ile ya mzee? Nimeiacha nyumbani imezimwa, inachaji, na laini yangu imo humo.

Gari likaondoka. Mahmud akaegemea nguzo mpaka pumzi ikamrudia.

— Programu yako nimeielewa, alisema. Inafaa. Ila niambie, mwanangu: dereva akisahau kubonyeza, mtu kama yule mama itamwambia nini?

Jasmin akaitazama barabara ya Kaoze. Kisha akaandika kwenye simu yake: "Sijui. Kimbia stendi."