Kila Dirisha na Ugonjwa Wake

Hebu sema kweli: ukiumwa, nani anawahi kukutibu, daktari au kinyozi? Kwenye benchi la nje ya karakana ya kuchomelea, siku zote alikuwa kinyozi, aliyeitwa Redio kwa sababu hazimiki. Asubuhi hiyo mgonjwa wake alikuwa mwenye karakana, Mzee Cheche, aliyeketi upandeupande kama aliyekalia msumari. Kando yake mpwa wake, Digrii, aliyemaliza chuo miaka mitatu nyuma na kazi hajaiona, alikunywa kahawa.

— Mgongo unaniua, wanangu. Nikilala ndiyo kabisa.

— Godoro hilo, Redio akakata shauri. Ligeuze.

— Nimeligeuza mpaka lina kizunguzungu. Na kichwa je? Naamka kinagonga.

— Godoro limevuta mishipa, ikafika kichwani.

— Plizi, profesa, Digrii akadakia. Na macho ya njano?

— Moto wa kuchomelea! Miaka thelathini, jicho lisiive?

— Na kukonda? Suruali ya mjomba inafungwa kwa waya.

— Suruali imetanuka. Wewe kaandike barua zako za kazi.

Mzee akacheka, mara akashika mbavu, kicheko kikakatika. Hapo akafika binti yake, kadi tatu za hospitali mkononi.

— Baba, mbona hakuna kadi hata moja iliyoandikwa saratani ya mapafu uliyotibiwa mwaka juzi?

Hata Redio akazimika.

— Ile ilipona, mama, Mzee akasema taratibu. Sikohoi. Halafu dirisha la mifupa wanauliza mifupa. Nilipotaja kichwa, nikapewa kadi nyingine, foleni nyingine.

Digrii akazinyakua zile kadi, akazisoma. Mgongo: dawa ya maumivu. Kichwa: apimwe miwani. Macho: anywe maji mengi.

— Mjomba, saratani ya mapafu haikai kifuani kungoja kuitwa. Inaweza kuhamia kwenye mifupa, kichwani, hata kwenye ini, na usikohoe hata kidogo.

— Unanitisha, mwanangu.

— Wa kutishwa ni hao wa madirishani. Twende.

Hospitalini, karani hakuinua hata uso.

— Dirisha hili ni mifupa tu.

Digrii akazibandika kadi zote kwenye kioo kwa kiganja.

— Mwiteni daktari wa saratani. Alitoe faili la mwaka juzi, alisome pamoja na hizi, ampime huyu mzee leo. Siyo kesho, na siyo dirisha la pili!